Mfamasia wa Ukutani

Pale Otonglo, kando ya barabara inayotoka Kisumu kwenda Busia, kulikuwa na kemisti yenye mlango wa kijani, na ndani yake mwanamke aliyeitwa daktari na kila mtu isipokuwa serikali.

Jina lake lilikuwa Maryanne Aoko. Aoko kwa Kijaluo ni mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba, na kweli mamake alishikwa na uchungu akitoka shambani, akajifungulia kando ya ukuta wa kanisa. Watu wakasema huyu atakuwa mtawa. Hakuwa. Alipofanya mtihani wa kidato cha nne alipata B+, na kwenye kemia akapata A, jambo lililomfanya mwalimu wake wa kemia, ambaye hakuwa amelitarajia hata kidogo, abadilishe mwendo na kuanza kutembea kwa maringo. Serikali ikamwita chuo kikuu akasomee usimamizi wa misitu. Aoko alikuwa amekulia ufukweni, na msitu mkubwa aliowahi kuuona ni miti minne ya mikaratusi nyuma ya shule. Akaandika barua kuomba abadilishiwe kozi. Wakati akisubiri jibu, alipata kibarua cha wiki mbili kwenye kemisti ya Bwana Walter Ondiek. Wiki mbili zilizaa miaka kumi na minne, na lile jibu bado liko njiani.

Ondiek alikuwa mtu wa saruji na mabati. Dawa aliziingilia baada ya kugundua kwamba watu hujenga nyumba mara moja lakini hukohoa kila mwaka. Kwake panadoli na msumari vilikuwa ndugu: vyote vinauzwa kwa idadi na havirudishwi. Sheria ilitaka kila duka la dawa liwe na mfamasia aliyesajiliwa, na Ondiek, aliyekuwa raia mwema, alimweka mfamasia wake ukutani. Kulikuwa na cheti ndani ya fremu, juu ya kalenda ya kinu cha kusaga unga, chenye jina la Daktari Wakhungu na picha ndogo ya kijana mwembamba mwenye tai na masikio yaliyosimama. Aoko aliipangusa fremu hiyo kila Jumatatu. Hakuwahi kumwona mwenyewe. Wateja wengi walidhani ni marehemu ndugu yake Ondiek, na wengine walikuwa wakimpa pole.

Basi kazi ya mfamasia ilifanywa na Aoko. Alijifunza kutoka kwa zile karatasi zinazokunjwa ndani ya paketi za dawa, zenye herufi kama miguu ya siafu, ambazo wateja huziacha kaunta au hufungia njugu. Alizisoma zote. Neno lililomshinda alilitafuta kwenye kamusi ya udaktari aliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Kibuye, kamusi isiyo na ukurasa hata mmoja wa herufi T, ndiyo maana kwa muda mrefu Aoko alikuwa dhaifu katika magonjwa ya tezi. Karatasi alizihifadhi kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, zimepangwa kwa alfabeti.

Tatizo lake, kwa maoni ya Ondiek, ni kwamba aliyaamini yaliyoandikwa mle. Mtu akija kuomba kapsuli mbili za rangi mbili "za kujaribu", Aoko alimweleza kwamba viini vya ugonjwa havijaribiwi, vinauawa vyote au vinafundishwa vita. Mtu huyo alienda duka la pili, akapewa mbili, na baada ya wiki akarudi kwa Aoko akiwa hoi. Wengine aliwaambia hii si kazi ya kemisti, waende hospitali, leo, si kesho. Ondiek alilalamika kanisani kwamba yeye peke yake katika Kisumu nzima ndiye anayemlipa mtu afukuze wateja. Lakini wateja waliongezeka.

Sasa, habari za wakaguzi wa dawa husafiri haraka kuliko gari lao. Asubuhi moja ya mwezi wa tano simu ilipigwa kutoka upande wa Maseno, na kabla chai haijapoa milango ya kemisti zote za Otonglo ilikuwa chini. Kila duka lilibandika sababu yake. Wengi walipenda matanga. Siku hiyo Otonglo ilikuwa na matanga sita bila maiti hata mmoja.

Aoko alifanya kama alivyofanya kila mwaka. Alivuka barabara hadi kibanda cha mboga cha rafiki yake Adongo, akavua koti jeupe, akalisukuma chini ya kabichi, akaketi. Adongo alienda kuangalia wakaguzi kama watu wanavyoenda kuangalia mpira, akamwachia kibanda. Gari lilifika, wakaguzi wakashuka, wakatazama milango iliyofungwa.

Hapo ndipo mama mmoja kutoka Obunga alipokuja na mtoto mgongoni na chupa mkononi.

"Daktari, nimekutafuta ng'ambo nikakukosa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

Alikuwa amepewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji, naye hakujua ni maji gani wala kiasi gani. Aoko aliangalia huku na huku, akainamia vitunguu, akamweleza upesi: achemshe maji, ayaache yapoe kabisa, kwa sababu maji moto yanaiua dawa kabla haijamfikia mtoto, atikise unga ulegee, atie maji hadi kwenye mstari, atikise kila mara kabla ya kumpa, wala asiache siku ya tatu eti kwa sababu mtoto ameanza kucheza.

"Na ikibaki baada ya siku zake?" sauti nyingine iliuliza.

"Inamwagwa," Aoko alijibu kabla ya kuushika ulimi. "Haiwekewi mtoto mwingine."

Alipoinua macho alimwona msichana mwenye faili kwapani na kitambulisho kifuani, ameshika fungu la sukuma wiki. Kitambulisho kilisema Lorine, mkaguzi.

"Umesomea wapi, mama?"

"Mimi nauza mboga."

"Naona." Lorine alikuwa akiangalia mkono wa koti jeupe uliochungulia chini ya kabichi. Akasema polepole, bila ukali: "Mimi nimesoma miaka mitano ili nieleze jambo hilo, na sidhani ningelieleza vizuri kuliko wewe. Lakini siku nikikukuta ng'ambo ile nitakushika, na nitakuwa na haki. Chuo kinapokea maombi hadi mwisho wa mwezi. Nenda ukaombe."

Akalipia sukuma yake akaenda.

Aoko alibaki pale mpaka gari lilipoondoka. Miaka yote alidhani kinachomkaa moyoni siku za wakaguzi ni hofu. Siku hiyo akatambua kuwa haikuwa hofu. Ilikuwa aibu ya mwanamke wa miaka thelathini na miwili, aliyepata A kwenye kemia, kufichwa na kabichi.

Jumapili baada ya ibada alienda kwenye saiba, duka la intaneti la kijana aitwaye Khaemba, huko Obunga alikoishi Aoko, ambako maombi ya vyuo yalijazwa. Fomu ya shahada ya famasia ilikuwa mtandaoni, nayo ilikuwa na udadisi mwingi. Iliuliza kama yeye ni mkimbizi, kama amewahi kuchezea timu ya taifa, na kama ana mzio wa karanga. Ilipofika mwaka wa kuzaliwa, orodha iliishia kwa watu wadogo kwake kwa miaka saba. Mashine haikuamini kwamba mtu wa umri wake bado anataka kujua kitu. Khaemba alipiga simu chuoni mara tatu, na siku ya nne mwaka wa Aoko ukatokea chini kabisa, peke yake.

Kisha ikaja insha: eleza kwa nini unataka kuwa mfamasia. Khaemba alivuta kiti kama fundi aliyefikia kazi anayoipenda.

"Nyanya yako alifariki lini?" aliuliza.

"Nyanya yangu yuko Asembo, anapalilia mtama."

"Kwenye insha itabidi afariki. Kwa kukosa dawa. Wewe ukiwa mdogo, umemshika mkono."

Alieleza kwamba msimu huo pekee ameshazika nyanya kumi na tisa, na wajukuu wao wote sasa wanasubiri kuitwa chuoni. Aoko akakataa. Alisema nyanya huyo akisikia ameuawa, atakuja Obunga kwa miguu, na hapo ndipo kutakuwa na kifo cha kuandikia insha. Akaomba karatasi, akaandika mwenyewe. Aliandika kwamba anajua dawa nyingi zinafanya nini lakini hajui kwa nini zinafanya hivyo, na kwamba kila siku watu humwuliza maswali ambayo anayajibu vizuri bila kuyaelewa, na jambo hilo linamkosesha usingizi. Khaemba alisema hiyo si insha, hiyo ni kesi. Lakini aliipiga chapa, na mwishoni, bila kumwambia, akaongeza sentensi moja ya kumwokoa: kwamba mwombaji ni kiongozi mwenye maono.

Kilichobaki ni barua. Chuo kilitaka barua ya mfamasia aliyesajiliwa anayethibitisha kwamba amemsimamia mwombaji kazini kwa muda usiopungua masaa arobaini.

Ondiek alipoelezwa alifungua droo. "Hiyo ni kazi ndogo. Sema unataka uandikiwe nini. Muhuri wa Wakhungu ninao hapa."

Aoko alisema anataka barua ya mkono wa mwenyewe. Ondiek alimwangalia kwa huzuni ya kweli, kwa sababu kwa namna yake alimpenda. Alimkumbusha kwamba Otonglo nzima tayari inamwita daktari. Aende miaka mitano kutafuta jina alilo nalo? Alipoona hasikii, alifunga droo.

"Yuko Asembo Bay, anafuga samaki," alisema. "Lakini nakuonya. Ukimwamsha mtu aliyelala, usimlaumu akiuliza ni saa ngapi."

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, Aoko alifika ufukweni Asembo Bay. Alimwulizia Daktari Wakhungu, akaambiwa daktari hayupo hapo, ila kuna Wakhungu wa vizimba. Akaonyeshwa mzee mnene mwenye gambuti, viatu virefu vya mpira, aliyekuwa akipakia magunia ya chakula cha samaki kwenye mashua. Asingemtambua kamwe kama si masikio. Masikio yalikuwa yale yale aliyoyapangusa kila Jumatatu.

"Habari ya mchana, Daktari," alimsalimu.

Mzee aligeuka kuangalia nyuma yake, kuona daktari ni nani.

Aoko alijitambulisha kwamba ni mfanyakazi wake. Wakhungu alifikiri kidogo. "Wa Obunga?"

"Wa Otonglo."

"Kumbe Otonglo pia ninayo." Alihesabu kwa vidole, vikafika vinne, akashangaa. Alimkaribisha kwenye kreti, na yeye akaketi kwenye nyingine. Alisimulia bila kuulizwa. Miaka kumi na tisa iliyopita aliketi kwenye duka lake mwenyewe la dawa, akaona kwamba kila mteja anakuja akiwa ameshajiamulia dawa, na kazi ya mfamasia ni kumpinga tu kutwa nzima hadi koo likauke. Samaki wake aina ya ngege hawabishani. Cheti alikuwa amekikodisha kwa mtu mmoja, na cheti, kama alivyokuja kujua, nacho huzaana kama ngege.

Alipokuwa akisema alivua gambuti. Vifundo vya miguu vilikuwa vimefura kama mikate. Alilaumu gambuti, alisema ni jozi ya tatu mwaka huu, zote zinabana. Aoko aliangalia miguu, akauliza kama anatumia dawa ya presha. Anatumia, tena mbili. Moja alipewa hospitalini Bondo, nyingine nzuri zaidi alinunuliwa na kijana wake aliye Nairobi. Aoko akaomba aone paketi.

Alizigeuza kwenye mwanga, akasoma herufi ndogo zilizo chini ya jina kubwa.

"Daktari, hii na hii ni moja," alisema. "Viwanda viwili, majina mawili, dawa ni ile ile. Unameza maradufu. Na hii ikizidi, miguu hufura."

Wakhungu alizishika paketi kwa mbali, urefu wa mkono, kwa kuwa miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Alizisoma kwa muda mrefu. Mashua iliondoka bila yeye.

"Somo hili nilikuwa wa kwanza darasani," alisema hatimaye.

Aoko alimwambia asiache dawa kwa kichwa chake mwenyewe. Arudi Bondo kesho asubuhi, abebe paketi zote mbili, awawekee mezani. Wakhungu alicheka kwamba sasa anapokea amri kutoka dukani kwake. Halafu kicheko kikamwisha. Akauliza ile barua inataka masaa mangapi.

"Arobaini."

"Na mimi nimekusimamia mangapi?"

"Hata moja halijafika."

"Basi tutaandika hivyo."

Aliingia kwenye kibanda cha mizani ya samaki, akakaa humo karibu saa nzima. Alitoka na bahasha iliyofungwa kwa gundi ya kuzibia nyufa za mashua, akamwambia aipeleke kama ilivyo. Aoko alirudi nayo Kisumu akiwa ameishika mapajani, inanuka samaki, na mara nyingi vidole vyake vilienda kwenye ukingo wa bahasha. Lakini gundi inayozuia ziwa haichezewi na kucha.

Waombaji waliitwa kwenye mahojiano mwezi wa saba. Ukumbi wa kusubiria ulijaa vijana wenye suti mpya na wazazi wenye mafaili. Baba mmoja alikuwa amemweka bintiye, Shantel, kwenye pembe, akimsisitizia: neno ni shauku, ukisahau kila kitu kumbuka shauku. Karani alipopita alimwambia Aoko kwa upole kwamba wazazi wanasubiri kantini. Aoko alipoonyesha barua yake ya kuitwa, karani aliisoma mara mbili, kisha akamtafutia kiti chenye mgongo.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kageha, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulia kwake aliketi Daktari Oluoch, mwalimu wa sheria na maadili ya famasia, mwenye tai ya hariri. Kushoto alikuwa bwana kutoka ofisi ya utawala, aliyeanza kwa kusema amevutiwa na maono, na angependa kuyasikia. Aoko alisema hana maono yoyote. Bwana huyo akaandika kwamba mwombaji ni mnyenyekevu, na tangu hapo hakuuliza tena.

Profesa Kageha alifungua bahasha kwa kisu cha karatasi, baada ya mkasi kushindwa. Harufu ya samaki ilitangulia. Alisoma kimya, akavua miwani, akaivaa tena, akasoma kwa sauti:

"Mimi ni mfamasia niliyesajiliwa. Jina langu limetundikwa kwenye kuta za maduka manne, na sijaingia hata moja kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo siwezi kusema nimemsimamia Maryanne Aoko masaa arobaini, wala manne. Yeye ndiye aliyenisimamia mimi, dakika ishirini, hapa ufukweni, akagundua kwamba nameza dawa moja mara mbili. Nimeiandikia bodi ya famasia iondoe jina langu kwenye kuta hizo zote. Mpokeeni. Mkimkataa, niiteni mimi nirudi darasani, kwa sababu mmoja wetu hajui kazi hii, na si yeye."

Aoko alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza pamoja nao. Neno la bodi lilipompita sikioni alielewa kwamba hana tena kazi ya kurudia.

Daktari Oluoch aliinuka akaenda kufungua dirisha, akalikuta liko wazi, akasimama pale kidogo. Aliporudi alisema kwamba kwa masikitiko barua hii haitimizi sharti. Masaa hayajafika.

"Ni kweli," alisema Profesa Kageha. "Nina barua nyingine sitini na tatu hapa. Zote zinasema masaa arobaini kamili. Hakuna hata moja yenye thelathini na tisa, wala arobaini na moja." Akamgeukia Aoko. "Umetoa dawa bila leseni kwa miaka kumi na minne?"

"Ndiyo, Profesa."

"Unajua ni kosa?"

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja."

"Na tukikunyima nafasi, utarudi kuuza dawa?"

Aoko alifikiria swali lenyewe, si jibu linalofaa. Alisema hapana. Ukuta sasa uko mtupu, na hata ungekuwa na cheti, hataki tena kukimbia kuvuka barabara. Atauza mboga, ambazo anazijua, na watu watamwuliza habari za dawa hapo hapo kwenye mboga, na hajui atawajibu nini.

Profesa Kageha aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

Bodi ilipokiondoa cheti cha Wakhungu, Ondiek alikasirika siku tisa, ambazo ndizo siku duka lilikuwa limefungwa. Siku ya kumi lilifunguliwa, na Aoko akaenda kuchukua kamusi yake. Nyuma ya kaunta alikuta msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akipanga dawa za maji kwa rangi za vifuniko. Juu ya kalenda ya kinu kulikuwa na fremu mpya. Picha ilikuwa ya mtu mwenye joho, kofia ya mahafali na tai ya hariri. Jina lilikuwa la Daktari Oluoch.

"Dunia hii haijawahi kupungukiwa na majina," Ondiek alisema, amekwisha kumsamehe.

Aoko alicheka hadi akashika kaunta. Msichana alidhani anaugua, akamletea kiti. Aoko alikaa naye mpaka jioni, akimwonyesha kwa nini rangi ya kifuniko haitoshi, na akamwachia ule mkebe wa karatasi. Ondiek hakupinga, kwa sababu ilikuwa bure.

Barua ya kukubaliwa ilifika kwenye simu ya Khaemba, aliyeichapa kwenye karatasi ngumu na kumwambia kila mteja kwamba ile sentensi ya maono ndiyo iliyofanya kazi. Karo ni hadithi ya mkopo wa serikali, ng'ombe wa kakake na mchango wa kanisa. Haina kicheko ndani yake, tuiache.

Jambo ambalo Aoko hakulitarajia ni Otonglo yenyewe. Habari zilipoenea kwamba daktari ameenda kusomea dawa, watu walikaa wakalipima, wakaona wamedanganywa. Kumbe miaka yote alikuwa hajasoma! Mtu mmoja aliyeponywa naye mara sita alisema ni Mungu tu aliyemlinda. Walipokutana naye sokoni waliacha kumwonyesha vidonge vyao, wakamwambia kwa adabu watangoja amalize. Wakati huo huo walimwendea yule msichana wa vifuniko, ambaye hakuwa amewaambia kwamba hajui. Adongo wa mboga alikasirika kwa niaba yake akataka kugombana na soko zima, lakini Aoko alimzuia. Alisema wako sawa, isipokuwa wamechelewa miaka kumi na minne. Ila siku hiyo alirudi nyumbani akiwa amenunua mboga bila kuzichagua, akakuta nusu yake imeoza.

Darasani vijana walimwita Mum, naye hakukataa. Shantel alichagua kuketi kando yake, akamkiria kwamba kwenye mahojiano alisahau shauku akasema shufaa, wakamkubali hivyo hivyo.

Somo la sheria na maadili lilikuwa Jumanne. Siku ya kwanza Daktari Oluoch alifundisha vizuri sana. Hilo lazima lisemwe. Alieleza kwamba mfamasia si saini wala fremu, ni mtu aliyepo, anayemtazama mgonjwa machoni. Wanafunzi waliandika mpaka kalamu zikapata moto. Mwishoni aliuliza kama kuna swali.

Aoko aliinua mkono. Alikuwa amejiapiza hatauinua.

"Daktari, naomba kujua. Mfamasia mmoja anaweza kuwepo kwenye maduka mangapi kwa wakati mmoja?"

Hakuna mwanafunzi aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyejua. Shantel aliandika swali hilo na kulipigia mstari. Daktari Oluoch alikunja karatasi zake, akazikunjua, akasema ni swali zuri, na kwamba litashughulikiwa kwa kina mwaka wa tano. Lakini Adongo alipiga simu kabla ya wiki kuisha, akamwarifu kwamba mwenye fremu mpya ameichukua, Ondiek ameuza kaunta na rafu, na mlango wa kijani sasa unauza saruji. Yule msichana wa vifuniko, Ondiek alimpeleka kusomea stashahada ya dawa, kwa sababu alikuwa ameanza kusoma zile karatasi na kuwafukuza wateja kuelekea hospitali, na Ondiek aliona akimwacha tu atampoteza kama alivyompoteza Aoko.

Daktari Oluoch aliendelea kufundisha kila Jumanne. Hakuwahi kumtazama Aoko moja kwa moja, wala hakuwahi kumpunguzia alama. Katika mtihani wa muhula alimpa sabini na nane, na pembeni, kwa penseli, aliandika neno moja: sahihi. Aoko hakujua kama ni sifa au ni malalamiko.

Kilichomwangusha ni takwimu. Hesabu za uwezekano zilimkataa kama mtoto anavyokataa dawa chungu. Alipata thelathini na nne, na jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na wengine kumi na mmoja, wote wadogo kwake. Alisimama mbele ya ubao ule mchana kweupe, akalisoma jina lake, na karani yule yule wa mahojiano akapita akamwambia pole, mzazi.

Likizo nzima alikaa Asembo kwa nyanya yake, akikokotoa kwenye daftari huku bibi kizee akimpigia kelele aje apalilie. Alirudia mtihani mwezi wa nane. Alipata hamsini na moja, na alama ya kupita ni hamsini. Siku mbili hakumwambia mtu yeyote, si Adongo, si Shantel, wala Khaemba, ambaye angetafuta sentensi ya kuidai. Alitembea nayo tu mjini, kutoka kituo cha mabasi hadi Kibuye, akanunua kamusi nyingine, na kabla ya kuilipia aliifungua kwenye herufi T.